Haki za Mbwa na Paka, na Khabari ya Kichaa cha Mbwa katika Masasi na Newala

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, Akadhamini riziki ya kila kimoja. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu wa Lindi, Mikindani na Mtwara wapandao kwenda Newala na Masasi kwa biashara ya korosho, na walimu wapandao kwa kusomesha, hurejea na suala ambalo limezunguka barazani siku nyingi bila ya kupata jibu la kutosha. Nalo ni hili: huko juu wamekuta Waislamu wenye kusali na kufunga, katika Wamakonde na Wayao na Wamakua, nao wana mbwa viamboni mwao. Je, hao wamekosa? Na mgeni afanyeje na mbwa wa mwenyeji wake? Na wako waliozidi hapo wakasema: mbwa ni najisi, basi kumpiga mawe ni thawabu, na kumtilia sumu ni kuusafisha mji, na bwana mifugo akija na sindano za kuchanja haimpasi Muislamu kumshika mbwa mpaka achanjwe. Maneno haya ya mwisho ndiyo yaliyotushikisha kalamu, kwani ndani yake mna roho za watu, na khasa za watoto.

Twaanza na lile la kwanza. Mtume (S.A.W.) ameonya, kama walivyopokea Abu Huraira na Ibn Umar (R.A.), ya kwamba afugaye mbwa bila ya haja hupungukiwa thawabu za amali zake kila siku kwa kirati, walakini katika onyo hilohilo ametoa mbwa wa mifugo, na mbwa wa kuwinda, na mbwa wa shamba. Mtu wa pwani huikumbuka sehemu ya kwanza ya hadithi, akaisahau ya pili. Basi na apande akatazame shamba la Newala. Muhogo, mahindi, mtama na karanga hazikai salama usiku mmoja. Nguruwe mwitu huja usiku, na ngedere na nyani huja mchana. Na nyuma ya nguruwe huja simba. Wanavyuoni wa ilimu ya wanyama walitoa hesabu mwaka 2005, ya kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania na kuwajeruhi zaidi ya 308, na wengi wa hao walikuwa watu wa kusini na wa pwani. Wakaeleza na sababu: nguruwe huingia shambani, mkulima hulala katika kibanda kumlinda, simba humfuata nguruwe, akamkuta mtu. Mkulima kama huyu akiweka mbwa wa kumwamsha, nani awezaye kumwambia kuwa hana haja? Hakuna kosa juu yake, wala kirati chake hakipungui. Na lau kuwa mbwa ni kitu cha kudharauliwa kabisa, Mwenyezi Mungu Asingelimtaja katika Sura ya Kahf pamoja na wale vijana wema, amenyoosha mikono yake mlangoni mwa pango, wala Asingelihalalisha katika Sura ya Maida windo la mnyama aliyefundishwa.

Illa mbwa haingizwi chumbani alalamo mtu, wala haachwi akazunguka msikitini, kwani imepokewa kuwa malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Mahali pake ni nje. Na hapo nje apate kivuli na mahali pakavu, maana aliyesema mbwa akae nje hakusema anyeshewe.

Ama unajisi wake, jueni ya kwamba Maimamu wamekhitalifiana. Imamu Malik amesema mbwa aliye hai ni tohara. Imamu Abu Hanifa amekaza katika mate yake tu. Sisi watu wa pwani twamfuata Imamu Shafi, naye amesema mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Hatuwaambii watu waache madhehebu yao. Lakini twawaambia wayajue vizuri, kwani katika madhehebu haya mna kanuni ambayo wengi wameghafilika nayo: kavu kwa kavu hapana najisi. Mkono mkavu ukimgusa mbwa mkavu hauoshwi hata mara moja. Anayeruka na kupiga makelele mbwa akipita kando ya kanzu yake ana khofu tu, na khofu si fikihi. Na tena, unajisi ni hukumu ya kuosha, si hukumu ya kuua wala ya kutesa. Damu ya mtu ni najisi pia, na hapana asemaye mwenye kutoka damu apigwe mawe.

Sasa twaja kwenye maji, na hapa twataka msomaji asimame kidogo, kwani ndipo ilipo mizani ya jambo hili.

Ajuaye Uwanda wa Makonde ajua ya kuwa juu yake hapana mto. Nchi ile ni mchanga mwekundu; mvua ikinyesha hunywewa na ardhi papo hapo, na maji huja kutokea chini, mabondeni, penye miteremko ya uwanda. Watu wa zamani walikaa huko juu kwa kutafuta salama, maana chini hapakuwa na amani. Masasi yenyewe, iliyo chini ya uwanda penye milima ya mawe, ilivamiwa na Magwangwara mwaka 1882. Salama wakaipata, na kiu wakaipata nayo. Kwa miaka mingi wanawake wa Newala wameteremka bondeni na mitungi na kuupanda mlima nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulioanzishwa katika miaka ya 1950 umepunguza taabu hiyo, walakini haukuiondoa.

Katika nchi ya namna hii ndipo mtu ajuapo uzito wa khabari aliyotupa Mtume (S.A.W.), ya mtu aliyeshikwa na kiu safarini akateremka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa ametoa ulimi, alamba udongo mbichi kwa kiu. Akasema nafsini mwake kuwa huyu imempata kama iliyonipata mimi, akateremka mara ya pili, akajaza kiatu chake, akakishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Mwenyezi Mungu Akamshukuru, Akamghufiria. Masahaba wakauliza kama katika wanyama nao wana ujira, akawajibu kuwa katika kila chenye ini bichi mna ujira. Na katika khabari nyingine aliyefanya hayo ni mwanamke mzinifu wa Bani Israili, akasamehewa kwa hayo. Msomaji wa mjini hufikiri kuwa jambo hili ni dogo, kwa sababu kwake maji hufunguliwa kwa kidole. Mwulizeni mwanamke wa Newala aliyepanda na mtungi, yeye atawaambia kuteremka mara ya pili ni nini.

Na wanavyuoni wetu hawakuiacha hadithi hii katika mawaidha tu, bali wameitia katika sharia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj, ambacho husomeshwa katika pwani yetu, ameeleza katika mlango wa kutayamamu ya kwamba mwenye maji kidogo, naye ayahitaji kwa kiu ya mnyama mwenye heshima, ataacha kutawadha nayo, atatayamamu. Na wafasiri wa kitabu hicho wamemhesabu mbwa mwenye manufaa katika wanyama wenye heshima. Fikirini neno hili, enyi wenye kuwatupia mbwa mawe mkielekea msikitini: huenda yale maji yaliyomo ndooni hayakuwa ya udhu wako, yalikuwa ya mbwa yule, na wewe wajibu wako ulikuwa mchanga.

Tena katika mlango wa masurufu Imamu Nawawi ameeleza kuwa mwenye mnyama ni lazima juu yake kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa: ama amlishe, ama amtoe katika mikono yake. Naye Sheikh Izzuddin bin Abdussalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, akizihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, amesema kuwa mnyama hutunzwa hata akizeeka au akigonjweka, manufaa yake yakawa yamekwisha. Hili lawahusu wenye mbwa wa mashamba. Mbwa amelinda muhogo miaka minane, meno yamemtoka, macho yameingia ukungu. Mwenyewe humfukuza kwa fimbo, akawa hula jaani. Hiyo ni dhulma, na mwenye kufanya hivyo ataulizwa. Mbwa apewe chombo chake mwenyewe, kigae au kifuu, kisichanganywe na vyombo vya watu. Apewe uji au ugali na mabaki, kwani asiyelishwa kwake atalishwa kwa jirani kwa wizi, na lawama itakuwa juu ya mwenyewe. Akishikwa na upele asimwagiwe mafuta machafu ya gari wala mafuta ya taa, kama ifanywavyo. Mafuta hayo humchoma ngozi, na mbwa hujilamba akayameza yakamdhuru. Dawa ya upele na ya minyoo iko kwa bwana mifugo. Na wanaowapambanisha mbwa kwa mchezo wamekatazwa.

Paka yeye jambo lake ni jepesi, wala hatutarefusha. Paka ni tohara. Abu Katada (R.A.) alitiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona yule mwanamke anastaajabu akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wale watuzungukiao majumbani. Na yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, khabari yake mmeisikia: aliingia Motoni kwa sababu hiyo. Basi wenye maghala ya korosho na mahindi, wafungao paka ghalani msimu mzima ili ale panya, wasiseme kuwa panya watamtosha. Panya wakiisha, atakula nini? Na atakunywa nini penye magunia makavu? Wakitia sumu ya panya, paka asiachwe humo, kwani panya aliyekufa kwa sumu humwua amlaye. Na watoto wa paka kutiwa guniani wakatupwa porini, au paka mweusi kupigwa kwa kudhaniwa kuwa ni jini au mchawi, ni mambo ya kijahili. Kuhusu kuhasi, madhehebu yetu yamekaza kwa mnyama asiyeliwa, na wako wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu kwa mkono wa daktari pale wingi wao unapoleta madhara. Mwenye haja na amwulize mwalimu wake.

Lililobaki ndilo lenye roho za watu, nalo ni kichaa cha mbwa.

Maradhi haya si uchawi, wala si jini, wala hayaletwi na jua kali. Ni kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa jicho, kikaacho katika mate ya mnyama mgonjwa, kikaingia kwa meno katika nyama ya aliyeumwa, kikapanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma, na mara nyingi mwezi mmoja mpaka mitatu, na pengine zaidi. Kwa hiyo jeraha hupona, watu husahau, kisha mgonjwa huanza kuogopa maji na kuweweseka, na jamaa zake humpeleka kwa mganga wakidhani amerogwa. Dalili zikisha kutoka, hapana tiba. Hukisiwa kuwa watu kama 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka ulimwenguni, takriban wote kwa mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimia miaka 15.

Na Masasi na Newala zina jambo lao. Wachunguzi waliofuatia maradhi haya katika mikoa ya Lindi na Mtwara waliona kuwa sehemu kubwa ya wanyama wagonjwa walikuwa mbweha, si mbwa peke yao. Walakini waliona pia kuwa mbwa wakichanjwa, maradhi ya mbweha nayo hupungua, maana asili ya moto ni mbwa. Mbweha akija kiamboni mchana, haogopi watu, si wa kufukuzwa na watoto. Huyo ni mgonjwa. Vilevile mbwa mwenye udenda mwingi na sauti iliyobadilika, aumaye kila kitu hata vijiti. Na yuko mgonjwa mwingine asiyeuma, taya limelegea, hawezi kumeza. Wenye huruma humtia mkono kinywani wakidhani amekwamwa na mfupa. Huruma hiyo na iwe kwa mbali.

Aliyeumwa, au aliyerambwa palipo na kidonda, afanyeje? Hapa, ndugu yangu, sikiliza vizuri, kwani twakhofia ilimu nusu. Mtu wa pwani ajua mara saba na udongo. Akiumwa na mbwa huenda akachota udongo akausugua katika jeraha, akaona kuwa ametimiza. Sivyo. Udongo usitiwe katika jeraha bichi. Mna pepopunda ndani yake, na katika sharia dhara huondolewa. Aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, muda wa robo saa nzima, asilifunge kwa nguvu, asitie majivu wala majani wala unywele wa mbwa. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo, akapate sindano za kinga kwa siku atakazopangiwa, asiache hata moja kwa kuwa amejiona mzima. Udongo wa mara saba na ungoje mpaka asiogope dhara.

Na robo saa ya maji katika uwanda usio na mto si kitu chepesi. Pengine ni maji yote ya nyumba. Walakini wanavyuoni wamesema wazi: mwenye maji yasiyotosha ila kuondoa najisi au kutawadha, huondoa najisi, na udhu huubadili kwa kutayamamu, maana udhu una badali na najisi haina. Ikiwa ni hivyo kwa najisi, itakuwaje kwa roho? Mwagieni mtoto maji yote yaliyomo mtungini, wala msingoje ruhusa ya mtu.

Sindano hizi za watu zilianza kwa Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885. Lakini kumkinga mtu baada ya kuumwa ni kama kukimbilia nyumba inayowaka. Na mtu wa kijijini hupata taabu ya nauli na ya gharama, na dawa pengine haipo mpaka mji mwingine. Lililo bora ni kumkinga mbwa. Wajuzi wamesema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, na uchanjaji ukarudiwa kila mwaka, maradhi hukatika. Kuanzia mwaka 2010 kazi hiyo ilifanywa na Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani katika wilaya 28 za kusini na mashariki ya Tanzania, Lindi na Mtwara zikiwamo. Na mwenye kusema kuwa hayo ni ya watu wa bara, na atazame Pemba, kisiwa cha Waislamu na cha misikiti. Maradhi yalikatika huko mwaka 2014. Yakarudi mwaka 2016. Mbwa wakachanjwa tena, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 yakakatika mara ya pili. Watu wa Pemba walileta mbwa wachanjwe, na Uislamu wao haukupungua.

Ama kuua mbwa ovyo kwa risasi na sumu, hakukati maradhi. Huuawa waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na mahali pao huja wengine wasio na kinga. Na sumu haichagui: hula paka, na kuku, na mtoto. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuamrisha mbwa wa Madina wauawe, kisha akakataza. Aliyebaki katika ruhusa ni mbwa mkali aumaye watu, naye ndiye huyu wa kichaa: huyo huuawa hata katika Haram, bila ya kuteswa, na bwana mifugo huarifiwa, na mzoga haushikwi kwa mkono mtupu wala hauachwi, bali huzikwa. Ikiwa mbwa aliyeuma haonyeshi ugonjwa, na aweza kufungwa, afungwe atazamwe siku kumi, alishwe na kunyweshwa katika siku hizo. Na aliyeumwa asingoje siku kumi hizo ndipo aende hospitali.

Yamebaki masuala madogo waliyotuletea. Mwenye kumshika mbwa kwa kamba siku ya kuchanja, akiwa mkavu na mbwa mkavu, hana la kuosha. Mate yakimpata mkononi au nguoni, ataosha mara saba na moja kwa udongo, kisha ataswali. Kamba iliyoingia mate huoshwa vilevile, au iwe ya mbwa siku zote. Mgeni aliyemkuta mbwa wa mwenyeji asimtupie jiwe, amwambie mwenyeji amfunge. Na wameuliza kama jamaa wa msikiti waweza kuchanga fedha za kuwaletea bwana mifugo, au za nauli ya masikini aliyeumwa. Sadaka yafaa katika yote mawili. Zaka yafaa kwa yule masikini, kwani ni katika watu wanane waliotajwa katika Sura ya Tauba. Ama kwa mbwa haifai, na itolewe sadaka.

Wallahu aalam.